Nyota Mlangoni, Barafu Kwenye Glasi: Yanayowadanganya Wageni Mjini

Mgeni hupewa ushauri kabla hata hajafungua begi. Usile barabarani. Kula hotelini, ndiko salama. Ukiogopa maji, agiza pombe kali, inaua vijidudu. Leo kuna mawingu, kofia ya nini? Panda kwenye mnara, ndipo utasema umeuona mji. Wanaosema hivyo huwa na nia njema, na katika baadhi ya maneno yao ukweli kidogo umo. Kasoro yake ni kwamba yanamfundisha mgeni kuhukumu mahali kwa sura, ilhali mara nyingi swali la maana ni la saa: chakula hiki kimeepuliwa lini, glasi ya kwanza niliimaliza saa ngapi, jua limefika wapi.

"Cha mtaani kitakuharibu tumbo, cha hotelini ni salama"

Naanza na hii kwa sababu inawanyima watu raha kubwa ya safari na bado haiwakingi. Kuhara kwa wasafiri husababishwa zaidi na bakteria, hasa aina fulani za *E. coli*, na bakteria hao hawatofautishi kibanda na ukumbi wenye kiyoyozi. Wanachojali ni joto na muda. Shirika la Afya Duniani (WHO), katika kanuni zake tano za usalama wa chakula, linataka chakula kiive hadi kiini chake kifike nyuzi 70 za Selsiasi. Kikishaiva na hakiliwi papo hapo, kikae juu ya nyuzi 60 au chini ya nyuzi 5. Katikati ya hapo vijidudu huongezeka upesi, ndiyo maana chakula kilichopikwa hakitakiwi kuachwa kwenye joto la kawaida kwa zaidi ya saa 2.

Sasa linganisha. Mpishi wa barabarani anayekaanga mbele ya macho yako huku foleni ikimsukuma anakupa kitu kilichotoka motoni dakika iliyopita. Kwenye bufee ya hoteli vyakula vimepangwa tangu alfajiri, vifuniko vinafunguliwa na kufungwa, mayai yamepoa, mchuzi ni vuguvugu, na kijiko kimoja kimeshikwa na mikono ya wageni wote walioamka kabla yako. Kitambaa cheupe cha mezani hakipandishi joto la mchuzi.

Sisemi kila bufee ni hatari wala kila kibanda ni salama. Kibanda ambacho nyama imechomwa mchana na sasa ni usiku, kipite. Anayeosha sahani zote kwenye ndoo moja ya maji yaliyogeuka rangi, naye mpite. Tazama pia mikono: anayeshika nyama mbichi ndiye huyohuyo anayekupa mkate na kupokea pesa? Foleni ndefu ya wenyeji ni dalili nzuri, na sababu yake ni rahisi: chakula hakipati nafasi ya kupoa.

Wengine hujifariji kwamba kilicholala kikipashwa moto kimepona. Si kwa kila kitu. Bakteria aitwaye *Bacillus cereus*, ambaye hupatikana sana kwenye wali, huacha mbegu zinazostahimili mchemko. Wali ukiachwa upoe taratibu mezani, mbegu zinaota, na sumu ya kutapisha inayotokana nazo haivunjwi na moto wa kupasha. Na pilipili, kwa kiasi kinachowekwa kwenye sahani, haikukingi na lolote. Inakutoa jasho tu.

"Pombe kali inaua vilivyomo kwenye barafu"

Kugandisha maji hakuui vijidudu vyote. Wengi hulala tu na kuamka barafu inapoyeyuka. Vitakasa mikono vinavyoaminika vina kileo cha asilimia 60 au zaidi. Pombe kali nyingi zina asilimia 40 hivi, na ukiimwaga kwenye glasi yenye soda, juisi na barafu, kiwango kinashuka hadi mahali ambapo bakteria hawashtuki. Kama maji ya bomba ya mji hayafai kunywa, barafu iliyotengenezwa kwa maji hayo haifai pia, hata ikizamishwa kwenye kinywaji cha bei mbaya. Muulize mhudumu barafu inatoka wapi. Baa nyingi hununua iliyotengenezwa kiwandani kwa maji yaliyosafishwa, na hapo huna sababu ya kujinyima.

Baa ina hadithi zake nyingine. Kahawa nzito inamtoa mtu ulevi? Hapana, inampa mlevi macho makavu. Kuoga maji baridi hakusaidii, kutapika pia husaidia kidogo sana kwa sababu sehemu kubwa imeshaingia kwenye damu. Ini hufanya kazi kwa mwendo wake: takriban kinywaji kimoja cha kawaida kwa saa, yaani kama gramu 10 za kileo halisi. Kokteli moja yenye shoti tatu za pombe kali inaweza kubeba karibu gramu 28. Mgeni anayesema "nimekunywa glasi mbili tu" tangu saa 2 usiku ini lake linaweza kuwa bado kazini hadi karibu saa 8 usiku. Kula kabla kunasaidia kweli, kwa kuwa chakula huchelewesha kileo kuingia kwenye damu. Kuchanganya bia na mvinyo hakuna dhambi yake ya pekee. Kinachokulaza siku ya pili ni jumla.

Nyingine inawapata wanaopenda baa za juu ya paa kwenye miji ya baridi: "Shoti moja itakupasha mwili." Utahisi joto, ndiyo, kwa sababu kileo kinatanua mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi. Joto hilo limetoka ndani ya mwili na linakwenda kwenye hewa ya usiku. Vaa koti.

Kuna hatari moja ambayo ladha haitakuonya hata kidogo, nayo ni methanoli. Kileo hiki cha viwandani kikichanganywa kwenye pombe bandia hakitambuliki kwa ulimi wala kwa pua. Mnamo Novemba 2024 watalii sita walifariki baada ya kunywa pombe yenye methanoli huko Vang Vieng, nchini Laos. Dalili zinachelewa, mara nyingi saa 12 hadi 24: kichwa kuuma sana, kutapika, macho kuona ukungu. Mtu anadhani ni hengova ya kawaida na analala, wakati tiba ipo hospitalini na kila saa ina thamani. Kwa hiyo bia iliyofunguliwa mbele yako ina akili kuliko shoti ya bure kutoka chupa isiyo na lebo. Macho yakianza ukungu baada ya usiku wa baa, nenda hospitali mara moja na utaje neno methanoli.

Sheria nazo si zilezile kila mahali, na anayedhani bia ya mkononi barabarani ni jambo dogo atashangaa. Singapore, tangu 2015, imepiga marufuku kunywa pombe hadharani kuanzia saa 4:30 usiku hadi saa 1 asubuhi. Marekani umri halali wa kunywa ni miaka 21, na mwenye mvi anaweza kuombwa kitambulisho. Asikasirike.

"Nyota ni za migahawa ya kifahari"

Mwongozo wa Michelin ulianza Ufaransa mwaka 1900, kazi ya ndugu wawili, André na Édouard Michelin, waliokuwa wakitengeneza matairi. Walitaka wenye magari wasafiri zaidi ili matairi yaishe. Nyota za migahawa zikaja 1926, na ngazi ya nyota mbili na tatu mwaka 1931. Watu wengi hudhani nyota hizo hupima mapazia, vyombo na heshima ya wahudumu. Zinapima kilicho kwenye sahani. Ndiyo sababu mwaka 2016 vibanda viwili vya chakula vya Singapore vilipata nyota moja kila kimoja, bila kitambaa mezani na bila meza ya kuwekewa nafasi. Nyota pia hazidumu: kimoja kati ya vibanda hivyo kiliipoteza ya kwake mwaka 2021. Ukitaka kula vizuri bila kufilisika, tafuta alama nyingine ya mwongozo huohuo, Bib Gourmand, iliyoanzishwa 1997 kwa ajili ya chakula kizuri cha bei ya wastani.

Maoni ya mtandaoni ni msaada mkubwa, lakini imani kwamba mgahawa wa kwanza kwenye orodha ndio bora imeshachekwa hadharani. Mwaka 2017 mwandishi Oobah Butler alisajili kwenye TripAdvisor banda lililokuwa kwenye bustani ya nyumba alikoishi, Dulwich, kusini mwa London. Picha za vyakula alizipiga kwa kutumia povu la kunyolea ndevu na vidonge vya mashine ya kuoshea vyombo. Marafiki wakaandika sifa. Mgahawa huo hewa ulipanda hadi nafasi ya kwanza katika London nzima kabla ya kuhudumia mteja hata mmoja. Mimi husoma maoni ya nyota tatu kwanza. Huko ndiko watu hutaja chakula chenyewe badala ya kutoa hasira au mapenzi.

Na mgahawa mtupu si lazima uwe mbaya, labda umewahi. Madrid, mji unakula chakula cha usiku kuanzia saa 3 hivi. Ukumbi uliofurika saa 1 jioni umejaa wageni wenzako.

Tipu nayo haina kanuni ya dunia nzima. Nchini Ufaransa bei ya menyu tayari ina gharama ya huduma ndani yake, unachoongeza ni hiari. Japani si desturi, na unaweza kufuatwa mlangoni urudishiwe chenji. Marekani ni habari nyingine: sheria ya shirikisho inaruhusu mwajiri amlipe mhudumu anayepokea tipu dola 2.13 kwa saa, kiwango ambacho hakijasogea tangu 1991, ingawa majimbo mengi yameweka zaidi. Kumnyima hapo ni kumkata mshahara. Na mashine ya kadi ikikuuliza kama ulipe kwa sarafu ya nyumbani kwako, kataa na uchague sarafu ya nchi uliyopo. Ile "huduma" huja na kiwango cha kubadilisha fedha kibaya zaidi.

"Kuna mawingu, jua halina nguvu"

Miale inayounguza ngozi haionekani wala haina joto la kuhisiwa. Mawingu mepesi, kwa maelezo ya WHO, yanaweza kupitisha hadi asilimia 80 ya miale hiyo. Upepo wa juu ya basi la wazi au kwenye sitaha ya boti unapoza ngozi huku ikiendelea kuungua, na maji yanarudisha sehemu ya miale usoni mwako kutoka chini, mahali ambapo kofia haifiki. Kipimo kisichohitaji simu ni kivuli chako: kikiwa kifupi kuliko wewe, jua lina nguvu, tafuta kivuli cha mti na uhamishie makumbusho saa hizo.

Wenye ngozi nyeusi tunaambiana kwamba haya ni ya wazungu. Melanini inakinga, lakini haizuii miale yote, na machoni haina msaada wa kutosha: jua la miaka mingi linachangia mtoto wa jicho kwa watu wa rangi zote. Miwani ya jua yenye kinga kamili ya miale hiyo si pambo.

"Bila tiketi hujaona kitu"

Hii inawagharimu wageni pesa na, zaidi ya pesa, asubuhi nzima kwenye foleni. New York wapo wapiga debe wanaowauzia watalii tiketi za kivuko cha Staten Island, kivuko ambacho abiria hawalipi nauli tangu 1997. Kinafanya kazi saa 24, safari ni dakika 25 hivi, na kinapita mahali ambapo Sanamu ya Uhuru inaonekana vizuri. Hakitii nanga kwenye kisiwa cha sanamu, hilo lazima lisemwe. Anayetaka kuigusa atalipa boti nyingine. Hong Kong, Star Ferry imekuwa ikivusha watu wa kazini tangu karne ya 19, na mandhari ya bandari unayoiona ni ileile ya boti za kitalii kwa nauli ndogo ya kila siku.

Nchi kavu ni vilevile. High Line ya New York ilikuwa reli ya mizigo iliyopita juu ya barabara na kuachwa ikaota magugu. Tangu 2009 ni bustani ya kutembea, haina kiingilio. Seoul iliibomoa barabara ya juu iliyokuwa imefunika kijito cha Cheonggyecheon, kijito kikafunguliwa kwa watu mwaka 2005, na sasa jioni watu wa maofisini hukaa kwenye mawe wakiwa wamechovya miguu majini.

Kama kuna mnara ambao lazima uupande, upande. Kata tiketi mapema kwa ajili ya saa moja kabla ya jua kuzama, uuone mji mchana, machweo na taa zikiwaka kwa tiketi moja. Chakula cha usiku kitakusubiri, hasa kama uko Madrid.