Mbegu ghali ya mahindi haizai zaidi kila mahali

Wakulima wengi huamini kwamba chotara, yaani mbegu ya kuchanganya aina tofauti za mahindi, ikiwa ya bei kubwa itazaa sana popote. Si kweli. Chotara ya H614 inasifika Kitale, Kenya, kwa sababu nyanda za juu zina baridi na mvua ndefu. Hukaa shambani zaidi ya miezi mitano. Ukiipanda Machakos, mvua hukatika kabla punje hazijajaa, na inauma kuona jasho la mtu likikauka hivyo. Katumani, mbegu iliyozalishwa kwa maeneo makavu, hukomaa kwa miezi mitatu hadi minne. Tena si chotara, kwa hiyo unaweza kujiwekea mbegu: chagua mahindi bora katikati ya shamba, mbali na chavua ya jirani, upande msimu ujao. Punje ulizovuna kwa chotara usizirudie kupanda, mavuno hushuka. Dukani, kabla ya bei, uliza siku za kukomaa na mwinuko unaofaa.