Silaha za kemikali zikiwa ghalani: maswali na majibu kuhusu afya

Tarehe 7 Julai 2023, roketi ya mwisho yenye sumu ya sarini iliharibiwa katika bohari ya jeshi ya Blue Grass, jimbo la Kentucky, Marekani. Ndiyo iliyofunga hesabu ya akiba yote ambayo Marekani iliitangaza chini ya mkataba wa kimataifa wa kupiga marufuku silaha za kemikali, ulioanza kutumika mwaka 1997. Bohari hiyo iko nje kidogo ya mji wa Richmond, na ukitoka hapo kwa gari hukawii kufika Lexington, mji wenye familia nyingi kutoka Kongo zinazozungumza Kiswahili. Sumu zile zilikaa pale miongo mingi, na watu waliishi, walilima na kusomesha watoto pembeni yake. Kuna mengi ya kujifunza kiafya.

Ni sumu gani zilizokuwa zimehifadhiwa pale?

Za aina mbili. Ya kwanza ni gesi ya haradali, ambayo licha ya jina lake ni kimiminika kizito kama mafuta. Huunguza ngozi, macho na njia ya hewa. Ya pili ni sumu za neva, yaani sarini na VX. Sarini huruka hewani upesi, na mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa chini na kujaa mabondeni na vyumba vya chini. VX haina haraka ya kuruka. Hubaki juu ya kitu kwa muda mrefu, na tone dogo tu kwenye ngozi linaweza kuua. Kwa jumla Blue Grass ilikuwa na tani 523 za sumu hizi kwa kipimo cha Kimarekani, zikiwa ndani ya makombora na roketi.

Zilihifadhiwaje?

Katika maghala ya zege yaliyofunikwa udongo, majani yakiota juu. Ukipita mbali ungedhani ni vichuguu vikubwa vilivyopangwa mstari. Udongo ule hupunguza joto la ndani na kuzuia mlipuko wa ghala moja usifike la pili. Mlango ni mmoja, na hakuna aliyeingia kabla hewa ya ndani haijapimwa. Kombora likionekana kuvuja, wafanyakazi waliovaa suti za kinga na barakoa walilitia ndani ya chombo kingine cha chuma kinachofungwa kabisa.

Kama ulinzi ulikuwa mkali hivyo, kwa nini zilivuja?

Kwa sababu chuma huzeeka na sumu hazikai kimya. Tatizo kubwa lilikuwa roketi za M55, zilizotengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Sehemu iliyobeba sumu ni ya alumini. Sarini ikikaa miaka mingi huanza kuoza yenyewe na kutoa asidi, na asidi hiyo huila alumini kutoka ndani. Nje roketi inaonekana nzima, ndani ukuta unakonda. Tena roketi hizo zilihifadhiwa zikiwa kamili, na baruti na fataki zake humo humo. Ndiyo maana mimi siwaelewi wanaosema silaha iliyofungiwa ghalani haina madhara kwa mtu.

Sarini haina rangi wala harufu. Walijuaje kwamba imevuja?

Zamani katika baadhi ya bohari walitumia sungura. Mnyama aliwekwa karibu na silaha, na mboni za macho yake zikisinyaa au akianguka, watu walijua kuna hatari. Baadaye zikaja mashine zinazovuta hewa na kuipima kila baada ya dakika chache, zenye uwezo wa kugundua kiasi kidogo mno kabla hakijamdhuru mtu.

Mtu aliyepata sumu anaonekanaje?

Kwa sumu ya neva, anza na macho: mboni husinyaa hadi kuwa kama ncha ya sindano, na mgonjwa husema anaona giza. Kamasi na mate hutoka bila kukoma, machozi pia, kisha jasho, kutapika, kuharisha na kifua kubana. Misuli huchezacheza, halafu hulegea. Ikiwa dozi ni kubwa, degedege hufuata na pumzi hukatika, pengine ndani ya dakika chache. Chanzo ni kwamba sumu inazuia kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuzima ujumbe wa neva baada ya kufika. Ujumbe usipozimwa, tezi na misuli hufanya kazi mfululizo hadi zichoke.

Gesi ya haradali hudanganya. Inapogusa ngozi mara nyingi husikii maumivu wala huoni kitu. Saa kadhaa baadaye, hata siku nzima, ndipo ngozi inapokuwa nyekundu na kutoa malengelenge, macho yakavimba, sauti ikakauka. Tena ni sumu inayosababisha saratani kwa waliokaa nayo muda mrefu.

La kwanza kufanya ni nini?

Kutoka mahali pale, kwenda palipoinuka na penye hewa safi. Kisha kuvua nguo. Hili nalirudia kwa sababu watu hulionea aibu: vua zote, na nguo za kuvulia kichwani zikatwe kwa mkasi badala ya kupitishwa usoni. Kuvua tu huondoa sehemu kubwa ya sumu iliyo juu ya mwili. Tia nguo ndani ya mfuko wa plastiki uufunge, oga kwa maji mengi na sabuni, suuza macho kwa maji matupu dakika 10 hadi 15. Hospitalini sumu ya neva ina dawa: atropini, pralidoksimu, na diazepamu kwa degedege. Gesi ya haradali haina dawa ya kuiondoa mwilini, kwa hiyo zile dakika za kwanza za kuoga ndizo zinazookoa ngozi na macho.

Tarehe 20 Machi 1995 kundi la kidini lilisambaza sarini katika treni za chini ya ardhi za Tokyo. Wagonjwa walifikishwa hospitalini na nguo zao, na mvuke uliotoka kwenye nguo hizo uliwadhuru wauguzi na madaktari waliowapokea.

Je, majirani wana haki ya kujua kilichomo ghalani?

Wanayo, na historia imeonyesha gharama ya kuwaficha. Usiku wa tarehe 2 Desemba 1943 ndege za Ujerumani zilishambulia bandari ya Bari, Italia. Meli moja ya Marekani, John Harvey, ilikuwa imebeba mabomu ya gesi ya haradali kwa siri. Mabaharia waliopona waliopolewa wakiwa wamelowa mafuta yaliyochanganyika na sumu. Madaktari, wasijue lolote, waliwafunga mablanketi juu ya nguo zile zile mbichi wakidhani ni baridi na mshtuko tu. Asubuhi macho yalikuwa yamefumba kwa uvimbe. Waliolazwa walizidi 600, na zaidi ya 80 walikufa. Daktari Stewart Alexander, aliyetumwa kuchunguza, ndiye aliyetambua kuwa ni haradali, na hata yeye hakurahisishiwa na wakubwa.

Okinawa, kisiwa cha Japani, nako, Julai 1969, sumu ya neva ilivuja katika kambi ya Marekani na kuwaathiri watu 24. Wenyeji wa kisiwa walipata habari za silaha hizo baada ya ajali. Hasira yao ilisaidia kuzifanya ziondolewe mwaka 1971.

Richmond mambo yalikwenda vingine kwa sababu wakazi walidai. Walipewa redio za tahadhari, ving'ora vikawekwa, wakafundishwa kujifungia ndani na kuziba madirisha kwa plastiki na gundi ya utepe. Jeshi lilipotaka kuzichoma silaha kwa moto, wakazi, akiwamo Craig Williams, walipinga kwa miaka mingi wakihofia moshi. Mwishowe sumu za neva ziliharibiwa kwa kuchanganywa na maji ya moto na magadi makali ndani ya mitambo iliyofungwa.

Mimi ni mkulima, sina bohari jirani. Hili linanihusu?

Linakuhusu sana. Sumu za neva za kwanza ziligunduliwa Ujerumani katika miaka ya 1930 na wanakemia waliokuwa wakitafuta dawa za wadudu. Viuatilifu kama klorpirifosi na daimethoeti vinatoka katika ukoo huo huo. Nguvu yake kwa binadamu ni ndogo zaidi, lakini vinamdhuru kwa njia ile ile, na dalili ni zile zile. Usiviweke chumbani mnapolala wala jikoni, na usivihamishie kwenye chupa ya soda au ya maji. Viache ndani ya kopo lake, kwenye stoo ya nje inayofungwa kwa kufuli, mbali na chakula na mbegu. Mtu akipata sumu mvue nguo, muogeshe ukiwa umevaa glavu, usimtapishe, mkimbize hospitali, na uchukue lebo au picha ya kopo umpe daktari mkononi.