“Haina Tumbaku, Daktari”

Wiki iliyopita dereva wa lori la Mombasa aliketi kwenye kiti changu hapa Tororo, akainua mdomo wa juu kwa kidole kunionyesha kifuko cha nikotini alichokibana kwenye fizi, na kabla sijashika kioo akaniambia maneno ambayo mwaka huu nimeyasikia kuliko salamu: “Daktari, hii haina tumbaku, na tangu nianze kuitumia fizi zangu zimeacha kutoka damu.” Sentensi ya kwanza ni kweli. Ya pili nayo ni kweli, na hiyo ndiyo inayoniudhi.

Ya kwanza nitaipitia haraka. Kifuko kile cheupe kina nyuzi za mimea, ladha, viongeza utamu na nikotini, ambayo mara nyingi hukamuliwa kutoka mmea uleule wa tumbaku, ingawa ipo pia inayotengenezwa maabara. Kwa kuwa jani lenyewe halimo, nitrosamini, kemikali zinazochangia saratani ya kinywa kwa watafuna tumbaku hupungua mno, kwa hiyo sikiweki fungu moja na tumbaku za kuweka mdomoni kama Kuber na jamaa zake, ambazo Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2015 ilizipiga marufuku nchini Uganda. Mtu aliyeacha sigara kabisa akabaki na kifuko amejiepusha na moshi, nami simrudishi kwenye sigara.

Sasa hiyo damu. Ufizi uliovimba kwa sababu ya ukoga huvuja damu unapopigwa mswaki, na damu hiyo ndiyo inayomleta mtu kliniki. Nikotini hukaza mishipa midogo ya damu. Kwa wavutaji wa sigara tumeliona jambo hili miaka mingi, kwamba fizi zao huvuja kidogo huku mfupa unaoshikilia meno ukiliwa kimyakimya. Ukoga haujaenda popote, ila mlinzi amezibwa mdomo. Kwa dereva wangu, kipimo kilizama milimita 5 kati ya ufizi na jino, nyuma ya gego la chini, mahali ambapo kwenye fizi yenye afya hakipiti milimita 3, na tone la damu lilitoka kwa shida. Je, kifuko ndicho kilichochimba shimo hilo? Siwezi kuapa, kwani alivuta sigara miaka 12 kabla ya kuhamia kwenye vifuko, na mfupa hauandiki tarehe.

Pale anapokiweka, juu ya chonge la kulia, nilipata ushahidi ulio karibu zaidi: ngozi laini ya ndani ya mdomo ilikuwa nyeupe na yenye mikunjo, kama kidole kilichokaa mno kwenye maji ya kufulia. Watengenezaji wengi hutia chumvi za jamii ya magadi, kwa sababu mazingira ya kialikali huifanya nikotini ipenye ngozi hiyo upesi. Wazee wanaochanganya ugoro na magadi waliijua siri hiyo zamani. Mgusano huo, saa kadhaa kila siku mahali palepale, huikera ngozi. Ufizi wa jino hilo pia umerudi nyuma milimita 2, lakini nilipomwomba anionyeshe jinsi anavyopiga mswaki, aliusugua mdomo kama anayekwangua sufuria ya ugali, kwa hiyo lawama hiyo nimeigawa nusu kwa nusu.

Nilimwomba aache vifuko wiki mbili, kwa sababu doa jeupe lisilofifia baada ya kiwasho kuondolewa linapaswa kukatwa kipande na kuchunguzwa. Alinitazama kama niliyemwomba ufunguo wa lori. “Wiki mbili, daktari? Bila hii hata Eldoret sifiki.”

Haina tumbaku, bila shaka. Tulipatana walau aupumzishe upande wa kulia. Nimepiga picha na kuandika vipimo, na akirudi nitaona kama weupe umeondoka au umehamia kushoto.