Kuhani mkuu hakufungwa kamba mguuni

Nimeisikia tena, safari hii katika semina ya maombi, na ukumbi mzima ukaitikia Amina: Siku ya Upatanisho, siku moja ya mwaka aliyoingia patakatifu pa patakatifu pa hekalu, kuhani mkuu alifungwa kamba mguuni, na njuga za joho lake zikinyamaza, walioko nje wanajua amekufa, wanamvuta kama gunia. Nafundisha Agano la Kale, na kila muhula kuna mwanafunzi anayeinua mkono kuuliza habari za kamba hiyo. Haimo. Haimo katika Walawi 16, haimo katika Kutoka, haimo katika Waebrania 9. Haimo hata kwa Josephus, mwanahistoria Myahudi wa karne ya kwanza, ambaye alikuwa wa ukoo wa makuhani na aliliona hekalu likiwa limesimama.

Inapatikana kwenye Zohari, kitabu cha mafumbo cha Kiyahudi kilichojitokeza Hispania mwishoni mwa karne ya 13. Hekalu lilibomolewa na Warumi mwaka 70. Hapo katikati kuna zaidi ya miaka 1,200. Wahubiri wetu wengi hawajawahi kuishika Zohari, wala wasingeikubali kama Neno la Mungu, ila kamba yake wameikubali bila kuuliza ilikotoka.

Nami naikubali hoja ya upande wa pili: ukimya wa maandishi peke yake hauthibitishi kwamba jambo halikutendeka. Lakini pima ukimya wenyewe. Mishna, mkusanyo wa sheria za mapokeo ya marabi uliokamilishwa yapata mwaka 200, ina kitabu kizima juu ya siku ile, Yoma. Kinaeleza kuhani mkuu anavyohamishwa nyumbani kwake siku saba kabla, anavyokeshwa usiku kucha asipatwe na unajisi usingizini, makuhani vijana wakimsimamisha juu ya sakafu ya baridi. Kuhani wa akiba anaandaliwa. Rabi Yuda anataka hata mke wa akiba aandaliwe, maana huenda mkewe akafariki ghafla. Watu waliowaza mpaka hapo wangesahau kutaja kamba? Tena katika Talmud, mkusanyo mkubwa wa mijadala ya marabi juu ya Mishna, upo mkasa wa kuhani mkuu wa Masadukayo aliyekaidi utaratibu wa uvumba akapigwa na malaika. Inasemwa makuhani wenzake waliingia, wakamkuta. Waliingia kwa miguu yao.

Sasa njuga, kwa maana hapa ndipo subira yangu huisha. Kutoka 28 inasema kweli kwamba pindo la joho la samawi lina njuga za dhahabu na makomamanga, na kwamba sauti yake isikiwe Haruni aingiapo patakatifu, asife. Hilo ni vazi la utumishi wake wa kawaida. Walawi 16:4 inasema siku ile avae nini: kanzu ya kitani, suruali ya kitani, mshipi wa kitani, kilemba cha kitani. Joho halimo. Mwenye kuingia nyuma ya pazia mbele ya kiti cha rehema, yaani kifuniko cha sanduku la agano, hakuwa na njuga hata moja mwilini. Hadithi yote inategemea sauti ya vazi ambalo sheria yenyewe haikumvika saa ile! Mstari huo unapatikana katika kila Biblia ya Kiswahili, na kuusoma hakuhitaji Kiebrania.

Kinachoniumiza zaidi ya kosa la historia ni jinsi kamba inavyoigeuza sura ya 16. Sura inaanza kwa kutaja vifo vya wana wawili wa Haruni. Baba aliyefiwa anaambiwa: usiingie wakati wowote upendao, usije ukafa. Kisha inafuata njia ya kuingia: ng'ombe kwa dhambi yake na nyumba yake, mbuzi wawili kwa ajili ya watu, kuoga, kitani, chetezo cha makaa ya madhabahuni, na uvumba ambao moshi wake utafunika kiti cha rehema, ili asife. Kila agizo lina kazi ya kumrudisha kuhani akiwa hai. Wenye kamba wanaihubiri kama sheria ya kutoa maiti, na Mungu anakuwa mtego ambao hakuna ajuaye utafyatuka lini. Hofu ya utakatifu ipo katika sura hii, tena nzito. Ila Mungu anayeogopwa ndiye huyohuyo anayemweleza Haruni kupitia Musa, hatua kwa hatua, namna ya kumkaribia bila kufa. Hesabu 4 inasema vivyo hivyo juu ya wana wa Kohathi wanaobeba vyombo: wafanyieni hivi, wapate kuishi wasife.

Na kama mtu anataka kujua maiti zilitolewaje, Walawi 10 imeandika. Nadabu na Abihu, hao wana wawili wa Haruni, walipoteketezwa kwa kuleta moto wa kigeni mbele za Bwana, Musa aliwaita Mishaeli na Elsafani, wana wa Uzieli, wakakaribia, wakawachukua hali wamevaa kanzu zao hadi nje ya kambi. Jamaa waliwabeba jamaa zao. Haruni akanyamaza.

Moto wa kigeni ulikuwa nini hasa? Wapo wasemao walikuwa wamelewa, kwa kuwa agizo la mvinyo linafuata mara moja. Wapo wasemao makaa hayakutoka madhabahuni. Andiko linasema tu kwamba hawakuagizwa. Mimi naegemea makaa, lakini nisingemwapiza mtu kwa hilo.

Kifo cha Uzza katika 2 Samweli 6, Daudi alipokuwa akilihamisha sanduku la agano, kinanisumbua zaidi. Ng'ombe walikunguwaa, akanyosha mkono alishike sanduku, akafa papo hapo. 1 Nyakati 15 inatoa sababu: Walawi hawakulibeba kama ilivyoagizwa, maana lilipakiwa garini. Sababu hiyo naifundisha, na naiamini. Bado haijibu kwa nini adhabu ya msafara mzima, pamoja na mfalme aliyeuandaa, ilimwangukia mtu mmoja aliyekusudia kuzuia sanduku lisianguke. Msimulizi hakukificha kidonda hicho: anaandika kwamba Daudi alikasirika, kisha akaogopa, asitake sanduku liende kwake. Halafu sanduku lilelile likakaa miezi mitatu nyumbani kwa Obed-edomu Mgiti, na Bwana akaibariki nyumba yake yote. Darasani tunaisoma sura hiyo ya 2 Samweli mstari kwa mstari, hasira ya Daudi pamoja na baraka ya Obed-edomu, na mwanafunzi akitaka kuruka mmojawapo namrudisha.