Uji mwingi wa sukari haumrudishii nguvu aliyeondolewa umio

Wengi huamini kwamba aliyeondolewa umio (njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni) kwa sababu ya saratani apewe bakuli kubwa la uji mtamu, nguvu zirudi haraka. Sivyo. Kwa kawaida mfuko wake wa tumbo umevutwa hadi kifuani ukawa kama mrija mwembamba, hauhifadhi tena chakula kingi. Sukari humiminika upesi kwenye utumbo na kuvuta maji: ndani ya nusu saa moyo unakwenda mbio, jasho linamtoka, anaharisha. Tunawasihi wauguzaji: mpeni milo midogo 6 hadi 8 kwa siku, uji wenye maziwa au siagi ya karanga, sukari kidogo sana. Maji anywe nusu saa kabla au baada ya kula. Alale kichwa kimeinuliwa. Chakula kikianza kukwama arudi hospitali mapema. Mara nyingi kovu la mshono wa ndani, pale mfuko wa tumbo ulipounganishwa juu, limebana, na madaktari hulipanua.