Koromo linalokatika: upasuaji wa unene unavyosaidia pumzi ya usiku

Mwenye maradhi ya pumzi kukatika usingizini mara nyingi hana habari nayo. Anayejua ni mwenzi wake, anayelala macho akisikiliza koromo linavyonyamaza ghafla, kisha mgonjwa anashtuka akitweta. Kimya hicho kikifika sekunde 10 tunahesabu kuwa pumzi imekatika. Zikikatika mara 30 au zaidi kwa saa, hali ni kali.

Mafuta yakijaa shingoni na kwenye ulimi, njia ya hewa hubanwa misuli inapolegea usingizini. Ya tumboni nayo huyanyima mapafu nafasi. Oksijeni hushuka, shinikizo la damu hupanda, na kesho yake dereva anasinzia kwenye usukani. Hili la madereva linanitia hofu kuliko yote.

Mashine ya kusukuma hewa kupitia barakoa, iliyobuniwa na daktari Colin Sullivan huko Sydney na kutangazwa mwaka 1981, huyaacha mafuta palepale. Ukiivua, koo hubana tena. Upasuaji hupunguza mzigo wenyewe: kwa matundu madogo tunaondoa takriban robo tatu ya mfuko wa chakula, au tunabakiza kifuko kidogo na kukiunganisha na utumbo mwembamba. Homoni za njaa nazo hubadilika. Anayefikiriwa kwa upasuaji ni mwenye uwiano wa uzito na urefu (BMI, yaani kilo zake zikigawanywa kwa mita za urefu, kisha tena kwa mita hizo) wa 35 na zaidi, au kuanzia 30 akiwa na maradhi yatokanayo na unene.

Lakini kupungua kilo si sawa na kupona. Katika utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2012, waliofungwa mkanda kwenye mfuko wa chakula, upasuaji wa aina nyingine, walipungua takriban kilo 28, wenzao waliofuata lishe na mazoezi kilo 5 hivi. Kwenye kukatika kwa pumzi, hata hivyo, tofauti kati yao haikuwa ya kutosha kuthibitisha ushindi. Kwa hiyo usiiache mashine kwa sababu suruali imelegea. Subiri upimwe tena usingizini, uzito ukishatulia.

Na kabla ya upasuaji, mwambie mtaalamu wa dawa za usingizi kwamba unakoroma. Dawa zake, na za maumivu kama mofini, hulegeza koo na kupunguza msukumo wa kupumua. Kama una mashine, ije nawe wodini.

Siku ya kliniki njoo na anayelala chumba kimoja nawe. Usiku uliotangulia akurekodi kwa simu, dakika chache tu, tusikie.