Wadruzi: roho hurudi, lakini si kwa mnyama

Wakitajwa Wadruzi, jamii ya kidini inayoishi Lebanon, Syria na Israel, uvumi hutangulia, na unaonikera kuliko wote ni huu: eti wanaamini mtu akifa anaweza kurudi akiwa mbuzi au nyoka. Si kweli. Kwao, roho ya binadamu huingia kwa binadamu tu. Mtu anapokufa, papo hapo roho yake huingia kwa mtoto anayezaliwa. Hairandirandi wala haisubiri kaburini. Mwili ni vazi tu. Tena roho ya Mdruzi hurudi kwa Mdruzi, ya mwanamke kwa mwanamke, ya mwanamume kwa mwanamume.

Wala si kila Mdruzi anayedai kukumbuka maisha yake ya awali. Wanaosimulia ni wachache, aghalabu watoto wadogo, na mara nyingi husimulia maisha yaliyokatizwa ghafla na ajali au vita. Mtoto akiitambua familia ya marehemu, na familia hiyo ikaridhika na maelezo yake, koo mbili huanza kutembeleana kama ndugu. Ndiyo maana ujamaa wao hauishii kwenye damu.

Wapo pia wanaodhani dini hii inapokea waumini wapya. Mwito wake ulitangazwa Cairo mwaka 1017, enzi za al-Hakim, khalifa wa Kifatimi (ukoo wa Kishia uliotawala Misri), ambaye hata Maismailia na Mabohora tunaoishi nao Afrika Mashariki humhesabu kuwa imamu. Mwaka 1043 mlango ukafungwa. Tangu hapo, Mdruzi ni aliyezaliwa na Wadruzi.

Huko Ulaya, karne ya 17, ilivuma kwamba wao ni kizazi cha wapiganaji wa Msalaba waliofuata mtawala wa Dreux, Ufaransa. Lakini Vita vya kwanza vya Msalaba vilianza 1096, imani hii ikiwa imeshatimiza miongo kadhaa!

Na msimamo wao wa kisiasa? Hakuna mmoja. Sultan al-Atrash, Mdruzi, aliongoza uasi wa 1925 dhidi ya Wafaransa nchini Syria. Wanaume Wadruzi wa Israel hulazimika kuingia jeshini tangu 1956, ilhali wenzao wengi wa Golan, eneo la Syria lililotekwa na Israel, walikataa uraia wa Israel ilipotangaza sheria yake huko mwaka 1981. Kila jamii hufuata hali ya nchi inamoishi, na imani ikabaki ile ile.